"Toa i5, weka i7" si ushauri: namba kamili ya prosesa iandikwe dukani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalowapotezea fedha vijana wengi hapa Dodoma, hasa wanafunzi wa vyuo na wenye vibanda vya magemu. Kijana analeta kompyuta iliyochoka, anasema gemu inakatakata. Jibu analopewa karibu kila mahali ni lile lile: toa i5, weka i7, yaani badilisha prosesa ya Intel (chipu inayofanya hesabu za kompyuta) uweke ya daraja la juu. Analipa, prosesa inafungwa, anarudi nyumbani, na gemu inakatakata kama jana.

i7 si mbaya. Ila "i7" si jina la prosesa moja. Intel walianza kuuza prosesa za jina hilo mwaka 2008, na tangu hapo zimepita vizazi na vizazi. Core i7-7500U ya kompyuta mpakato, kwa mfano, ina kori 2 tu, yaani sehemu mbili zinazofanya kazi kwa wakati mmoja. Core i7-4770 ina kori 4 na nyuzi 8 (nyuzi ni foleni za kazi, mbili kwa kila kori). Core i7-8700 ina kori 6 na nyuzi 12. Zote tatu ni i7, na hakuna hata moja inayoweza kuwekwa mahali pa mwenzake. Anayeuza kwa kutaja "i7" peke yake hajakuambia anauza nini.

Kabla ya namba, ijulikane kwanza kama prosesa ndiyo inayochelewesha. Fungua gemu unayoicheza siku zote, zima V-Sync (mpangilio unaozifunga fremu, yaani picha za kila sekunde, kwenye kasi ya skrini) na kikomo kingine chochote cha fremu, cheza dakika kumi mahali penye pilikapilika, kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili Task Manager ifunguke. Kadi ya grafiki ikiwa inafanya kazi kwa asilimia 95 au zaidi muda wote, prosesa haina kosa. Ukiibadilisha fremu hazitaongezeka. Kadi ikiwa kwenye asilimia 50 au 60 huku gemu inakwama, kuna kitu kinachoinyima kazi, na mara nyingi kitu hicho ni prosesa. Usidanganywe na asilimia ya jumla ya prosesa. Yenye kori 4 isiyo na nyuzi za ziada, kori moja ikijaa kabisa na tatu zikiwa zimelala, itaonyesha asilimia 25. Bofya kulia juu ya grafu, chagua ionyeshe kila kori peke yake, ndipo utaona ukweli.

Jaribio la pili ndilo ninaloliamini zaidi, kwa sababu halihitaji programu yoyote. Shusha ukubwa wa picha ndani ya gemu kutoka 1920 kwa 1080 hadi 1280 kwa 720, bila kugusa mipangilio mingine. Fremu zikipanda sana, kadi ya grafiki ndiyo ilikuwa imelemewa. Zikibaki pale pale, prosesa ndiyo mwisho wa safari, kwa sababu kupunguza picha kunaipunguzia kazi kadi, si prosesa.

Hata hapo usikimbilie dukani. Kuna vitu viwili vinavyoifanya prosesa nzima ionekane mbovu. Cha kwanza ni ramu (kumbukumbu ya muda) ya kijiti kimoja. Mashine nyingi zilizotumika huuzwa zikiwa na kijiti kimoja cha GB 8, wakati mazabodi (bodi kuu) ina njia mbili za kuwasiliana na ramu. Njia moja ya ramu ya aina ya DDR3-1600 hupitisha GB 12.8 kwa sekunde. Mbili hupitisha 25.6. Prosesa inayosubiri data haina tofauti na prosesa dhaifu. Ongeza kijiti cha pili cha aina na ukubwa ule ule, ukiweke kwenye tundu la njia ya pili (kwenye Dell na HP nyingi matundu ya kuanza nayo yana rangi moja), kisha rudia jaribio. Kijiti cha DDR3 kilichotumika ni nafuu kuliko prosesa yoyote inayostahili kununuliwa.

Cha pili ni joto, na hapa Dodoma jambo hili lina uzito wake. Kuanzia Mei hadi Novemba hatuna mvua, upepo unavuma, na vumbi laini jekundu linaingia hadi ndani ya sanduku lililofungwa. Linajaa kati ya mapezi ya hitisinki (chuma kinachopoza prosesa) mpaka feni inazunguka bila kupitisha hewa, na Oktoba na Novemba chumba chenyewe kinakuwa cha moto. Pesti ya kupitisha joto kati ya prosesa na hitisinki, iliyopakwa kiwandani mwaka 2013, imeshakauka na kuwa unga. Sakinisha HWiNFO (programu ya kupima joto na kasi), cheza nusu saa, uangalie nyuzijoto na kasi. Core i5-4570 imepangiwa 3.2 GHz kama kasi ya chini ikiwa kazini. Ukiona inashuka chini ya hapo wakati gemu inaendelea na joto linakaribia 100, prosesa inajipunguza yenyewe ili isiungue. Ukiweka i7 juu ya hitisinki ile ile iliyojaa vumbi, utapata i7 inayojipunguza. Safisha, paka pesti mpya, ujaribu tena. Mkipuliza kwa kompresa ya gereji, kumbukeni hewa yake mara nyingi hubeba maji na oili. Tumia blowa ya umeme, na uishike feni kwa kidole isizunguke, maana kuizungusha kwa nguvu ya hewa kunaharibu beringi.

Ukishapita hapo na bado prosesa ndiyo tatizo, sasa tuongee namba.

Kompyuta nyingi za magemu za bei nafuu mjini kwetu zilizaliwa zikiwa za ofisini: Dell OptiPlex na HP EliteDesk, ambazo zimeongezewa kadi ya grafiki. Jina lililoandikwa mbele ya sanduku linakuambia karibu kila kitu. OptiPlex 7010 ya zamani ina soketi (tundu la prosesa) ya LGA1155, na prosesa ya juu ya kawaida inayoipokea ni Core i7-3770. OptiPlex 9020 na EliteDesk 800 G1 zina LGA1150. Mwisho wake wa maana ni i7-4770 au i7-4790. OptiPlex 7040 na EliteDesk 800 G2 zina LGA1151. Humo i7-6700 ndiyo ya kutafuta.

Soketi kuwa sawa hakutoshi, na hapa ndipo fedha nyingi huteketea. OptiPlex 990 ina soketi ile ile ya 1155, lakini chipu ya mazabodi yake haiikubali i7-3770. Itabidi uishie i7-2600. i7-8700 nayo ina miguso 1151, inaingia vizuri kabisa kwenye bodi ya kizazi cha sita, na haitawaka, kwa sababu Intel walibadilisha mpangilio wa umeme walipotoa bodi za mfululizo wa 300. i7-4790 ilitoka mwaka 2014, baada ya bodi nyingi za LGA1150. Bodi yenye BIOS (programu ya kuwashia iliyomo ndani ya bodi) ya 2013 inaweza kuikataa mpaka BIOS isasishwe prosesa ya zamani ikiwa bado imo. Xeon E3-1230 v3, prosesa ya Intel ya seva, ni chaguo zuri kwenye LGA1150, kori 4 na nyuzi 8, ila haina grafiki ya ndani, kwa hiyo bila kadi hupati picha, na si kila BIOS ya mashine ya ofisini inaitambua. Usichukulie hilo kuwa ruhusa ya kununua Xeon E3 v5 kwa ajili ya EliteDesk 800 G2: zile zinadai chipu za seva za C232 au C236.

Herufi ya mwisho nayo isomwe. i7-4770 inaanzia 3.4 GHz na kufika 3.9, kwa wati 84. i7-4770S inaanzia 3.1. i7-4770T inaanzia 2.5 GHz kwa wati 45, ilitengenezwa kwa ajili ya masanduku madogo yasiyo na hewa. Muuzaji anaweza kukuuzia T kwa bei ya 4770 kamili bila hata yeye kujua. Herufi K inamaanisha kasi inaweza kupandishwa, lakini bodi zenye chipu ya Q87 zilizomo kwenye mashine hizi za ofisini hazikupi nafasi hiyo, kwa hiyo usilipe ziada kwa ajili ya K.

Je, utapata nini kwa kutoka i5 kwenda i7 ya kizazi hicho hicho? Niseme wazi, kwa sababu matarajio ndiyo yanayouza. i5-4570 hufika 3.6 GHz, i7-4770 hufika 3.9. Hiyo ni tofauti ya asilimia 8 hivi ya kasi. Gemu inayotegemea kori moja au mbili haitabadilika kiasi cha kuonekana kwa macho. Faida ya kweli ni zile nyuzi 4 za ziada: gemu kama GTA V, ambayo hujaza kori zote 4 za i5 na kuanza kushtuka-shtuka unapoendesha gari kwa kasi mjini, itatulia. Wastani wa fremu unaweza usipande sana, lakini yale makwamo ya ghafla yatapungua. Kama unacheza PES 2017 pekee, baki na i5 yako. Kama unataka EA Sports FC 24, watengenezaji wake waliitaja i5-6600K au Ryzen 5 1600 kuwa kiwango cha chini, na i7-4790 haiko mbali na hapo.

Kipimo cha bei ninachopendekeza ni hiki. Uliza bei ya mashine nzima yenye i5, kisha ya mashine ile ile yenye i7. Prosesa peke yake isizidi tofauti ya hizo mbili. Ikizidi, uza uliyonayo ununue nyingine nzima.

Kwa walio na LGA1155 nina ushauri mkali zaidi: msiweke fedha humo tena. Prosesa za kizazi cha pili na cha tatu zina maagizo ya AVX lakini hazina AVX2, ambayo ilikuja na kizazi cha nne mwaka 2013. Baadhi ya magemu mapya hayafunguki kabisa bila AVX2. Hilo halirekebishwi kwa ramu wala kwa kadi.

Waliobahatika ni wenye bodi za AMD, mshindani wa Intel, za soketi AM4. Bodi iliyonunuliwa mwaka 2017 ikiwa na Ryzen 5 1600 mara nyingi inaweza kupokea Ryzen 5 5600 ya kori 6, inayofika 4.4 GHz kwa wati 65 zile zile, ikiwa na kashe ya L3 (kumbukumbu ya haraka iliyomo ndani ya prosesa) ya MB 32. Mruko huo unaonekana, tofauti na ule wa i5 kwenda i7. Ryzen 5 5500 ni nafuu zaidi lakini ina MB 16 za kashe. Mwenye kadi kubwa ya grafiki atafute Ryzen 7 5700X3D, ambayo kashe yake ni MB 96, kitu ambacho magemu hukipenda sana. Nayo haiji na feni, kwa hiyo uihesabu kwenye bei. Sharti ni moja: ingia kwenye ukurasa wa mtengenezaji wa bodi yako, soma orodha ya prosesa zinazokubalika na toleo la BIOS linalohitajika, kisha usasishe BIOS kabla ya kung'oa prosesa ya zamani. Ukiing'oa kwanza, utabaki na bodi isiyowaka na prosesa mpya mkononi.

Kusasisha BIOS kufanywe kwenye UPS. Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, bodi nyingi hazifufuki mpaka chipu ya BIOS iandikwe upya kwa kifaa maalumu. UPS ndogo ya VA 650 inatosha, kwa kuwa kompyuta haina mzigo wakati huo. Na kama diski imefungwa kwa BitLocker (kufuli ya Windows ya kulinda data), isimamishe kwanza na uhifadhi ufunguo wake nje ya kompyuta, vinginevyo Windows itaudai baada ya prosesa kubadilika na usipouona, data imekwenda.

Kuhusu pawa saplai, hesabu ni rahisi. OptiPlex 9020 ya sanduku kubwa ina wati 290. i7-4770 ni 84, GTX 1050 Ti ni 75, weka 40 kwa bodi, diski na feni: unakaribia 200, uko salama. Kadi kama GTX 1660 Super ni wati 125 na inadai waya wake wa umeme, ambao pawa saplai hiyo haina. Msikubali ile adapta inayotoa umeme kwenye kichwa cha SATA kwenda pini 6. Kichwa cha SATA kimepimwa kwa ampea 4.5 kwenye volti 12, yaani wati 54. Pini 6 zinaweza kudai 75. Plastiki inayeyuka, na sanduku lenye vumbi kavu si mahali pa kuwekea kitu kinachoyeyuka.

Kufunga kwenyewe si kazi ngumu kwa mwenye subira. Chomoa waya, bonyeza kitufe cha kuwasha ili umeme uliobaki uishe, gusa chuma cha sanduku kabla ya kugusa chochote ndani. Hewa yetu kavu hutengeneza umeme tuli kwa urahisi, hasa ukisimama juu ya zulia. Legeza skrubu za hitisinki kwa mshazari, kidogo kidogo. Kwenye Intel pini zimo kwenye soketi, na kuzigusa kwa kidole kunatosha kuzipinda. Pini iliyopinda haionekani kama kosa la prosesa, mara nyingi huonekana kama ramu ya GB 8 kusomeka 4, na watu hununua ramu mpya bure. Linganisha ile pembetatu ya pembeni na vile vipengo viwili, iache prosesa ikae kwa uzito wake, ndipo ushushe mkono wa soketi. Utaona mkono ni mgumu na utasikia mlio kama wa kukwaruza, ni kawaida. Kwenye AM4 pini ziko kwenye prosesa, na pesti kuukuu hugandisha prosesa kwenye hitisinki kiasi kwamba ukivuta wima vyote vinatoka pamoja na pini zinapinda. Washa kompyuta dakika kumi ipate joto, izime, kisha uzungushe hitisinki kushoto na kulia kabla ya kuinua.

Futa pesti ya zamani kwa spiriti ya asilimia 90 au zaidi, weka tone jipya la ukubwa wa punje ya choroko katikati, kaza skrubu kwa mshazari. Ukiwasha mara ya kwanza inaweza kujizima na kujiwasha. Ipe dakika mbili. Isipoleta picha, toa betri ya CR2032 kwa dakika chache urudishe, uangalie na vijiti vya ramu.

Jambo moja wanunuzi hawaambiwi: msaada wa Windows 10 ulikwisha tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka Intel ya kizazi cha nane au Ryzen za mfululizo wa 2000 kwenda juu, pamoja na TPM 2.0, kifaa cha usalama ndani ya kompyuta. Kuna njia za kuzunguka sharti hilo, lakini magemu ya mashindano hayazungukwi: Valorant kwenye Windows 11 hudai TPM 2.0 na Secure Boot (ukaguzi wa usalama wakati wa kuwaka). Kwa hiyo anayenunua i7-4790 leo anajinunulia muda wa kucheza magemu ya jana na ya juzi kwa raha. Ni haki yake, na kwa bei nzuri ni uamuzi wa busara. Ila aambiwe ukweli huo kabla hajatoa fedha, maana fedha hiyo hiyo, ikikaa na kuongezwa miezi michache, ingekuwa mwanzo wa bodi ya AM4 na Ryzen 5 5600.

Ndiyo maana naomba wauzaji wa Dodoma, wakubwa kwa wadogo, waandike namba kamili kwenye lebo na kwenye risiti. Si "i7 safi", bali "Core i7-4790, LGA1150", pamoja na idadi ya vijiti vya ramu na wati za pawa saplai. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi kuhusu bidhaa, na bidhaa iliyotumika haijaachwa nje. Mnunuzi naye aombe mashine iwashwe mbele yake na programu ya CPU-Z ifunguliwe, kwa sababu maandishi ya juu ya prosesa yanaweza kufutwa na kuandikwa upya, lakini CPU-Z inasoma kilichomo ndani. Kwa prosesa iliyo peke yake mezani, itazamwe ile alama fupi iliyochongwa juu ya kifuniko: i7-4770 huwa na SR149, i7-4790 huwa na SR1QF. Ikianza na Q badala ya SR, hiyo ni sampuli ya majaribio ambayo haikukusudiwa kuuzwa, na BIOS nyingi za ofisini huikataa. Muuzaji aliyenunua mzigo kwa jumla bila kujua kilichomo anaweza kuisoma alama hiyo kwa tochi ya simu, prosesa moja baada ya nyingine, kabla hajapanga bei.

Fundi wa kompyuta,
Makole, Dodoma.